ISBN na msimbopau: namba ya nyuma ya kitabu inasema nini

Nyuma ya karibu kila kitabu kinachouzwa dukani pana mistari myeusi iliyosimama, iitwayo msimbopau, na juu yake namba ndefu inayoanza na 978 au 979, iitwayo ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha vitabu. Mwandishi anayejichapishia kwa mara ya kwanza hukutana nayo siku msanifu wa jalada anapomwuliza, "Namba ya kitabu iko wapi?" Hapo haraka huanza, nayo haraka huzaa makosa yanayobaki kwenye kila nakala: namba ya kuazima, mistari isiyosomeka, namba moja kupewa vitabu viwili.

Makosa mengi kati ya hayo yana mzizi mmoja. Watu hudhani ISBN ni namba ya mwandishi, au ya hadithi aliyoitunga. ISBN hutambulisha chapisho moja katika umbo moja, na humtaja mchapishaji wake kwa tarakimu. Ukilishika hilo, maswali mengi yaliyobaki hujijibu.

Mpiga chapa na mchapishaji

Maneno haya mawili yanafanana mno, na kuyachanganya kumewagharimu waandishi wengi. Mpiga chapa ana mashine, wino na karatasi. Unamlipa, anakutolea nakala. Mchapishaji ndiye anayeamua kitabu kitoke, anayegharimia kazi yote na anayebeba hasara kisipouzika. Kama fedha ni zako na uamuzi ni wako, mchapishaji ni wewe, hata kama mashine ni ya mtu mwingine. Kwa hiyo ISBN inapaswa kutolewa kwa jina lako au la kampuni yako.

Baadhi ya wapiga chapa hutoa namba kama sehemu ya huduma, kwa kutumia fungu lao la namba. Ukikubali, rekodi zitamwonyesha yeye kuwa mchapishaji. Duka, maktaba au chuo kikitaka nakala zaidi, kitamtafuta yeye. Kibaya zaidi, ukitaka kuhamia kwa mpiga chapa mwingine, namba ile haihami pamoja nawe. ISBN haiuzwi wala haikodishwi kutoka mkono hadi mkono. Mtu anayekuuzia namba moja mtandaoni kwa bei ya kutupa anakuuzia namba yenye jina la mtu mwingine ndani yake.

Kwa Kenya, ISBN hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa, KNLS. Kwa Tanzania, ni Bodi ya Huduma za Maktaba, na kwa Uganda ni Maktaba ya Taifa ya Uganda. Kinachoamua uombe wapi ni makao ya mchapishaji. Lugha ya kitabu haihusiki, wala nchi kilikopigwa chapa. Kitabu cha mchapishaji wa Nairobi kilichopigwa chapa India kina namba ya Kenya. Mswahili anayeishi Toronto na kuchapisha kwa Kiswahili ataomba Kanada, ambako wachapishaji wa huko hupewa bila malipo. Aliyeko Marekani atanunua kwa Bowker, wakala pekee wa nchi hiyo, ambako namba moja imekuwa ikiuzwa kwa dola 125 na kumi kwa dola 295. Tazama tofauti hiyo: anayejua ataandika kitabu cha pili asinunue moja. Hata kwetu, omba fungu la namba kumi kama una mpango wa kuendelea, maana riwaya moja yenye jalada laini, jalada gumu na kitabu pepe tayari imekula tatu.

Kuifungua namba

Chukua namba hii ya mfano: 978-9987-12-345-2. Vistari vinne vinaigawa katika sehemu tano.

978 ni kiambishi kinachosema bidhaa hii ni kitabu. Kwenye bidhaa za kawaida za dukani, tarakimu za mwanzo huonyesha shirika la nchi lililotoa namba, mfano 616 kwa Kenya na 620 kwa Tanzania. Vitabu vya dunia nzima vilitengewa 978, na ilipoanza kujaa ikaongezwa 979. Ndiyo maana huhitaji kulipa shirika la misimbopau ya bidhaa ili kitabu chako kipate mistari: ISBN yenyewe ndiyo namba inayogeuzwa kuwa mistari. Waandishi kadhaa wamelipa mara mbili kwa kutoelezwa jambo hili.

9987 ni kundi la usajili, na hapa ni Tanzania. Nchi hiyo ina pia 9976 na 9912. Kenya ina 9966 na 9914. Uganda ina 9970 na 9913. Nchi zinazochapisha sana zina kundi la tarakimu moja: 0 na 1 ni eneo la Kiingereza, 2 ni eneo la Kifaransa.

12 ni mchapishaji, na 345 ni chapisho lake mojawapo. Ukiondoa kiambishi, kundi la tarakimu nne na tarakimu ya mwisho, zinabaki tarakimu tano za kugawana kati ya hizi sehemu mbili. Mchapishaji mkubwa hupewa namba fupi, labda tarakimu mbili, akabakiwa na tatu za vitabu, yaani nafasi 1,000. Mwenye tarakimu tatu ana nafasi 100. Mwandishi anayejichapishia kwa kawaida hupata tarakimu nne na nafasi kumi tu. Kwa hiyo mahali pa vistari si pambo la msanifu. Iandike namba kama ulivyopewa, usiisogeze ili ipendeze kwenye jalada.

Tarakimu ya mwisho, 2, ni ya uhakiki. Hiyo ndiyo inayolinda namba dhidi ya vidole vinavyokosea, na inafaa kila mwandishi ajue kuikokotoa kwa kalamu na karatasi.

Chukua tarakimu kumi na mbili za kwanza: 9 7 8 9 9 8 7 1 2 3 4 5. Jumlisha zilizo nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea kwa kuruka moja moja: 9 + 8 + 9 + 7 + 2 + 4 = 39. Kisha jumlisha zilizobaki: 7 + 9 + 8 + 1 + 3 + 5 = 33, uzidishe mara tatu, upate 99. Jumla ya yote ni 138. Ili ufike kwenye makumi yanayofuata, 140, unahitaji 2, na hiyo ndiyo tarakimu ya uhakiki. Kama jumla tayari inaishia na sifuri, tarakimu ya mwisho ni 0. Ukipokea namba kwa simu au kwa ujumbe na hesabu ikagoma, kuna tarakimu iliyokosewa. Rudi kwenye barua ya wakala, yaani ofisi iliyokupa namba, kabla jalada halijaenda mashineni.

Hesabu hii hukamata kosa lolote la tarakimu moja. Lakini ina upofu wake: tarakimu mbili jirani zilizopishana kwa tano, kama 2 na 7 au 1 na 6, zikibadilishana nafasi, jumla bado hukubali. Kwa hiyo hata hesabu ikikaa sawa, isome namba tarakimu kwa tarakimu mkiwa watu wawili, mmoja akitaja na mwingine akifuata kwa kidole.

Namba za zamani za tarakimu kumi

Mfumo huu ulianza Uingereza miaka ya 1960, pale kampuni ya W. H. Smith ilipotaka kuendesha ghala zake kwa kompyuta na mtaalamu wa takwimu Gordon Foster akabuni namba ya tarakimu tisa. Mwaka 1970 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 2108, chenye tarakimu kumi. Tangu Januari 1, 2007 ni kumi na tatu.

Anayechapisha upya kitabu cha miaka ya 1980 atakuta namba ya kumi. Kosa linalorudiwa ni kubandika 978 mbele yake na kuridhika. Hesabu ya zamani ilikuwa nyingine: kila tarakimu ilizidishwa kwa 10, 9, 8 kushuka hadi 2, na jumla pamoja na tarakimu ya mwisho ilipaswa kugawanyika kwa 11 bila baki. Namba yetu ya mfano kwa mtindo huo ingekuwa 9987-12-345-7, inayoishia na 7. Ukiibandika 978 tu, unapata namba isiyo halali. Unatakiwa kuondoa ile 7, kuweka 978 mbele, kisha kukokotoa upya. Herufi X unayoiona mwishoni mwa namba nyingine za zamani si kosa la chapa. Ilisimama badala ya kumi, kwa kuwa nafasi ni ya tarakimu moja. Kwenye namba ya kumi na tatu X haipo kabisa.

Hata hivyo, kugeuza namba ya zamani kunafaa tu kama unapiga chapa tena kitabu kilekile chini ya mchapishaji yuleyule. Kama haki zimekurudia na sasa unakitoa mwenyewe, mchapishaji amebadilika, na namba inabadilika pia.

Namba mpya, au ileile?

Kila umbo linalouzwa peke yake linataka namba yake: jalada laini, jalada gumu, EPUB, PDF, kitabu cha kusikiliza. Sababu ni ya dukani. Muuzaji akiagiza kwa namba, anataka apate kitu kilekile alichokusudia. Namba moja kwa maumbo mawili humletea jalada gumu la bei kubwa mteja aliyetaka laini. Tafsiri ina namba yake. Toleo lililorekebishwa kwa kiasi kikubwa, lenye sura mpya au maudhui yaliyobadilika, lina namba yake.

Kupiga chapa tena bila mabadiliko hakuhitaji namba mpya. Wala kupandisha bei, wala kusahihisha makosa madogo ya tahajia. Kwa kawaida kubadilisha picha ya jalada nako hakuhitaji. Ukiuza juzuu tatu ndani ya kasha moja, kasha linapata namba yake, na kila juzuu inayouzwa pia peke yake inabaki na ya kwake.

Namba iliyokwisha kutumika haitumiki tena kamwe, hata kama kitabu kiliisha sokoni miaka ishirini iliyopita. Nakala zake bado ziko maktabani na kwa wauza vitabu vikuukuu, na rekodi zake zinaishi.

Kuna vitu visivyopewa ISBN kabisa: kalenda, shajara, daftari, kadi, michezo. Ukitaka kuviuza dukani kwa skana, yaani mashine inayosoma msimbopau, hapo ndipo unapokwenda kwa shirika la misimbopau ya bidhaa. Jarida linalotoka mfululizo lina namba nyingine, ISSN ya tarakimu nane, ambayo kwenye mistari huanza na 977. Nota za muziki zilizochapishwa zina ISMN, inayoanza na 979-0.

ISBN haikupi hakimiliki. Hakimiliki huzaliwa pale kazi inapoandikwa, na masuala ya usajili na ulinzi yapo kwa ofisi za hakimiliki, KECOBO nchini Kenya na COSOTA Tanzania. Tena haikupi kibali cha kufundishia shuleni: huo ni mlango mwingine, wenye wasomaji na vigezo vyake. Anayemtangazia mnunuzi kwamba kitabu "kimethibitishwa" kwa sababu kina ISBN anampotosha.

Amazon na namba zake

Amazon hutoa ISBN ya bure kwa kitabu cha karatasi kupitia KDP, huduma yake ya kujichapishia. Inafaa kama huna mpango wa kuuza kitabu hicho mahali pengine, kwa sababu namba hiyo haitumiki nje ya mfumo wao, na sehemu ya mchapishaji huandikwa maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba kitabu kimechapishwa kwa kujitegemea. Ukiwa na namba yako kutoka Dar es Salaam au Nairobi, unaweza kuitumia huko. Angalia tu kwamba jina la kitabu na la mchapishaji unaloandika linalingana herufi kwa herufi na lile ulilosajili. Tofauti ndogo, kama kuongeza neno "Publishers" upande mmoja na kuliacha upande mwingine, inatosha kukwamisha kitabu.

Kitabu pepe cha Kindle hakilazimiki kuwa na ISBN. Amazon hukipa alama yake, ASIN, yenye herufi na tarakimu kumi. Hiyo ni alama ya ndani ya duka lao. Usiichape kwenye jalada ukidhani ni namba ya kitabu.

Kutoka namba hadi mistari

Msimbopau, au bakodi kama wengi wanavyouita, ni namba ileile iliyoandikwa kwa lugha ya mashine. Aina inayotumika kwa vitabu inaitwa EAN-13. Upana wake umegawanywa katika vipande 95 vilivyo sawa, na kila kipande ni cheusi au cheupe. Tarakimu zinazochorwa ni kumi na mbili tu, sita kushoto na sita kulia. Ile 9 ya mwanzo haina mistari yake, skana huitambua kwa jinsi tarakimu sita za kushoto zilivyochorwa.

Kwa ukubwa kamili, kipande kimoja kina upana wa milimita 0.33, na msimbo mzima pamoja na nafasi nyeupe za pembeni ni milimita 37.29 kwa 25.93. Unaruhusiwa kuupunguza hadi asilimia 80, yaani takriban milimita 29.8 kwa 20.7. Kikomo hicho ni cha karatasi nzuri na mashine nzuri. Kwenye kadi inayonyonya, wino husambaa kidogo, mistari hunenepa na nafasi nyeupe hufinyika. Penye shaka, acha ukubwa kamili. Jalada la nyuma lina nafasi ya kutosha.

Nafasi nyeupe za pembeni ni sehemu ya msimbo: vipande 11 kushoto, ambavyo ni milimita 3.63, na 7 kulia, milimita 2.31. Bila hizo skana haijui mistari inaanzia wapi. Kile kialama kama mshale, >, unachokiona upande wa kulia kimewekwa kulinda nafasi hiyo. Wasanifu hukifuta wakidhani ni uchafu. Kosa lingine ni kukata urefu wa mistari ili msimbo uwe mwembamba kama utepe. Utasomeka ukielekezwa vizuri, lakini keshia atalazimika kukigeuzageuza kitabu.

Rangi ndiyo inayoharibu misimbo mingi. Skana nyingi za dukani hutumia mwanga mwekundu. Kwa mwanga huo, mistari myekundu, ya machungwa au ya hudhurungi iliyopauka huonekana sawa na karatasi nyeupe, hata kama jicho lako linaiona wazi. Kamera ya simu inaweza kuisoma vizuri, kisha skana ya duka ikashindwa. Weka mistari myeusi juu ya kisanduku cheupe, usicheze. Na weusi huo uwe wa wino mweusi peke yake kwa asilimia 100. Msanifu akitumia weusi uliochanganywa rangi nne, pleti za mashine, moja kwa kila rangi, zikipishana kidogo tu kila mstari unapata kivuli.

Mistari itengenezwe kwa programu, isipigwe picha. CorelDRAW, ambayo wapiga chapa wengi wa kwetu wanayo, ina kifaa chake cha msimbopau, na Inkscape ya bure inacho pia. Chagua EAN-13, ingiza tarakimu bila vistari. Ukiweza kuingiza kumi na mbili za kwanza tu, programu itajikokotolea ya kumi na tatu. Ikitofautiana na uliyopewa, simama. Hifadhi kwa PDF, SVG au EPS. Picha ya JPEG iliyopita WhatsApp imebanwa, kingo za mistari zimepata ukungu, na ikivutwa kujaza kisanduku upana wa mistari haulingani tena. Ukihitaji kuongeza au kupunguza ukubwa, tengeneza upya kwa kipimo unachotaka.

Utakutana na kisanduku cha pili chenye tarakimu tano kulia kwa msimbo. Hicho ni cha bei, na hutumika hasa Marekani: 51499 husomwa dola 14.99, na 90000 maana yake bei haikutajwa. Kwa kitabu kinachouzwa Mombasa au Mwanza hakina kazi, kiache.

Mahali pake ni jalada la nyuma, chini kulia, karibu na mgongo wa kitabu lakini mbali na mkunjo na ukingo unaokatwa. Milimita kumi kila upande ni tahadhari nzuri. Juu ya mistari andika ISBN yenye vistari, kwa maandishi yasiyopungua pointi 9. Namba hiyohiyo irudiwe ndani, kwenye ukurasa wa hakimiliki. Kama una maumbo kadhaa, ziorodheshe zote hapo, kila moja na umbo lake: jalada laini, jalada gumu, kitabu pepe.

Mpangilio wa kazi

Omba namba pale jina la kitabu linapokuwa limekwisha kuamuliwa na kabla jalada halijaanza kusanifiwa. Uwe tayari na jina kamili la kitabu, jina la mwandishi kama litakavyoonekana, jina la mchapishaji, umbo, toleo, lugha, makadirio ya kurasa na tarehe ya kutoka. Ukibadilisha jina la kitabu baadaye, mwarifu wakala. Fungua daftari au faili ya namba zako zote na uandike kila iliyotumika imekwenda wapi. Mwenye fungu la kumi asiye na daftari hufika kitabu cha nne akarudia namba ya kitabu cha pili. Kitabu kikitoka, wasilisha nakala maktaba ya taifa kama sheria inavyotaka.

Kabla ya kuruhusu nakala 500 au 1,000 zipigwe chapa, omba jalada moja la majaribio kwenye kadi yenyewe, likiwa limeshapigwa laminesheni, yaani utando wa plastiki wa juu, kwa sababu laminesheni inayong'aa nayo inaweza kuisumbua skana. Lipeleke duka la vitabu au supamaketi, uwaombe walisome kwa skana yao, kisha linganisha namba inayotokea kwenye kioo na barua ya wakala. Kosa likigunduliwa baada ya vitabu kutoka, tengeneza stika nyeupe isiyong'aa yenye msimbo sahihi, uibandike ifunike msimbo wa zamani wote pamoja na namba iliyo juu yake. Mstari mmoja ukichungulia pembeni, skana itajaribu kuusoma.